Tairi la Mbele na Makopo Matano

Jumamosi, 2 Machi. Mvua: ya kumtosha mtu mzima.

Daftari hili ni la idara ya maji. Mpwa wangu, ambaye kila Jumamosi hupanda mlimani kwa pikipiki kusoma vipimamvua vitano vya idara, alipewa mawili na hili amenipa mimi. Lina safu tatu: Tarehe, Mvua, Maoni. Ameniambia niandike humu ili siku nikirudia hadithi tuweze kulinganisha. Mtoto hana adabu, lakini ni wa kwetu. Nitajaza safu zote tatu, na ile ya Mvua nitaipima kwa macho, maana macho haya yameona mvua nyingi kuliko chupa yoyote ya ofisini. Mwaka ule mkubwa, kabla yeye hajazaliwa, ilinyesha siku kumi na tisa bila kuvuta pumzi, mpaka samaki wakawa wanabisha hodi. Nilimfungulia mmoja. Alikuwa na haraka, hakukaa.

Kama kuna atakayesoma: mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko barazani kwa dada yangu mkubwa, mama yake huyo mpwa. Dada alikuwa mwalimu. Amestaafu yeye, kalamu nyekundu bado. Mimi shule niliiacha darasa la sita, si kwa kushindwa; walikuwa wameishiwa cha kunifundisha.

Jumatatu, 4 Machi. Mvua: manyunyu, ya kudharau.

Tairi la mbele la pikipiki ya mpwa limekwisha. Nimelipapasa asubuhi, ni kipara kama mimi, ila kipara changu hakijawahi kumwangusha mtu. Dada naye akatoka, akalipapasa, akatoa hukumu.

Mwaka jana msimu kama huu mpwa alianguka kule juu kwenye Bamba, jiwe pana ambalo njia inapita juu yake, akavunjika mfupa wa bega. Leo dada amesema kwa ile sauti ya ubaoni, "Ukianguka tena, hata kama ni kwenye majani, pikipiki inauzwa na kazi inaishia hapo." Idara haiajiri miguu. Bila pikipiki mpwa hana kazi, na kazi ile anaipenda. Akirudi anakaa hapa barazani ananihadithia chupa ya tatu ilikuwa na nini na ya tano ilikuwa na nini, kama mtu anayetoka kusalimia ndugu.

Kisha akanigeukia. "Mjomba, si ndiwe uliyepanda mlima ule enzi zako? Nichagulie tairi."

Nikamwambia ameuliza mahali penyewe. Nikamkumbusha siku niliyopanda mlima ule wote bila tairi la mbele kabisa, kwa gurudumu la nyuma peke yake, usukani nimeushika kwa heshima tu. Dada akasema, debe tupu. Hakuimalizia methali. Nyumba nzima inaijua.

Jumanne, 5 Machi. Mvua: hakuna.

Duka la matairi liko nyuma ya soko, na mwenyewe ni mama mmoja wa rika langu anayeitwa Bi Pancha. Mikono myeusi hadi viwiko, maneno machache. Nilimkuta amekalia ringi, anatoa msumari kwenye tairi la mkokoteni.

Nikamweleza kwamba nataka tairi la mbele, la pikipiki ya mlimani, na kwamba anayechagua ni mimi. Akauliza, "Huko anakopita ni udongo gani?"

Nikamjibu, "Udongo ni udongo, bibie."

Akaniangalia. Akasema tairi la mbele si la kuchukua tu. La nyuma kazi yake kusukuma, la mbele ndilo linaloamua mnaenda wapi. "La nyuma likiteleza unacheka," akasema. "La mbele likiteleza unachekwa." Akanitolea moja lenye meno mafupi, yamesongamana, mpira wenyewe laini kiasi kwamba ukucha wangu uliacha alama. Nikamuuliza kama hilo ni tairi au kifutio cha shule. Mlima ni mawe, mawe ni magumu, na kigumu hupambana na kigumu. Hilo hata mbuzi anajua. Nikapitisha ukucha kwenye matairi yote ya duka, na lililougomea ukucha kuliko yote lilikuwa moja kubwa, meno marefu, yameachana kama ya mamba mzee. Nikasema, hilo.

Akauliza tena, udongo gani. Nikamhadithia ile ya gurudumu moja. Akasikiliza hadi mwisho, akalifunga tairi kwenye ringi bila kuongeza neno, mshale wa ubavuni ukielekea mbele kama inavyotakiwa. Wanawake wengine hawajui kushukuru kwa elimu ya bure.

Jumatano, 6 Machi. Mvua: ndoo mbili na kikombe.

Nimeshona mikoba miwili. Kila aliyepita nimemwonyesha tairi.

Jumamosi, 9 Machi. Mvua: nyingi, ya kutoka moyoni.

Amerudi saa tisa, pikipiki imevaa tope hadi kwenye taa. Dada alikuwa getini na sinia la mchele wa kuchagua. Huwa hachagui mchele getini siku nyingine yoyote. Alipoona mtoto mzima, akaingia ndani na mchele wake.

Nilimuuliza mpwa habari za mamba wangu. Akasema kwenye tope la chini linauma kama mwiba. "Na juu?" Akasema juu pia, akainama kuosha magurudumu. Nimekwenda kwa muuza magazeti, kwa kinyozi, na kwa mwashi aliyeleta viatu vya mazishi. Wote sasa wanajua kwamba katika mtaa huu kuna mtu anayeelewa matairi.

Jumatatu, 11 Machi. Mvua: haipungui.

Kinyozi ameniomba ushauri wa tairi la baiskeli. Nimempa.

Jumamosi, 16 Machi. Mvua: mapipa.

Amerudi saa kumi na moja. Majani yaliziba kipimamvua cha tatu, anasema.

Jumatano, 20 Machi. Mvua: ileile ya jana, haikuondoka.

Soli nne. Gundi haikauki kwa unyevu. Nimekaa nalinda viatu vya watu kama kuku anayeatamia. Siku nzuri.

Jumamosi, 23 Machi. Mvua: mapipa na kifuniko.

Saa kumi na mbili kasoro. Ng'ombe walilala njiani, anasema. Dada alichagua mchele wote wa nyumba, akaanza kuchagua uliokwisha kuchaguliwa.

Jumamosi, 30 Machi. Mvua: sijaangalia.

Kumi na mbili tena. Safari hii mti ulianguka. Amekaa barazani, na hakunihadithia chupa hata moja. Nikamwambia mwaka ule mkubwa miti ilikuwa inaanguka miwili miwili. Akacheka kidogo, akalala kabla ya kula.

Jumapili, 31 Machi. Mvua: kidogo.

Dada amenifuata kibandani. Yeye huniita kwa vidole siku zote, lakini leo alivuta kigoda akakaa. Akauliza, mtoto ana nini. Nikamwambia ni msimu tu, mlima una utelezi, lakini tairi nimechagua mwenyewe. Akasema, "Ndiyo maana nauliza." Akaondoka. Nilikasirika hadi chakula cha mchana, halafu nikaanza kusikia njaa, nikasahau.

Jumamosi, 6 Aprili. Mvua: kubwa.

Kumi na mbili na nusu. Hakutoa sababu, na hakuna aliyemwomba.

Jumatatu, 8 Aprili. Mvua: inanyesha nikiandika.

Leo nitaandika zaidi ya mstari.

Asubuhi niliona buti la mpwa limefumuka soli, nikalichukua kulishona kabla hajaamka. Mimi kazi hii nina miaka ishirini na minane, na hapa sitii chumvi: kiatu hakijui kusema uongo. Mtu anaweza kuniambia alikuwa ofisini, kiatu kikaniambia alikuwa shambani. Nimewahi kujua ndoa imevunjika kabla ya wenye ndoa.

Kiatu cha mwendesha pikipiki nakijua. Cha kushoto huchubuka juu, karibu na kidole gumba, pale anaponyanyulia gia. Visigino huwa vizima, ncha huwa nzima, maana mtu amekaa. Nimevigeuza viatu vya mpwa mara tatu. Ule mchubuko wa gia ni wa zamani, umeanza kushika vumbi. Lakini ncha zimesagika, zote mbili, mpaka kitambaa kinaonekana, na soli imekatika pale unyayo unapokunjika. Hicho ni kiatu cha mtu anayesukuma kitu kizito kupanda mlima. Si mara moja. Wiki kwa wiki.

Nikakaa nalo mapajani. Alipoamka nikamwonyesha ncha tu. Ni mtoto aliyekulia kibandani kwangu, hakuhitaji maelezo.

"Sijaanguka, Mjomba," akasema. "Nikifika pale Bamba linapoanzia nashuka, naisukuma. Nikirudi pia naishusha kwa mkono."

Akanieleza. Kwenye tope la chini tairi ni zuri, hakudanganya. Lakini juu, jiwe likilowa, yale meno marefu yanakanyaga kama mtu aliyepanda mironjo, ile miguu ya miti. Wiki ya kwanza liliponyoka mara tatu, mara ya tatu goti lake likagusa jiwe. Angeanguka, mama yake angeuza pikipiki. Kwa hiyo anatembea kuanzia hapo hadi chupa ya tano, saa moja na nusu kupanda, saa moja na nusu kushuka, na pikipiki mkononi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulishawaambia watu wote," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hakukuamsha ukiwa umelala. Nimeshona soli ile kwa uzi wa mara mbili, na bado nilitaka kuendelea kushona.

Jumanne, 9 Aprili. Mvua: ipo.

Naandika hapa kwa kuwa dada hasomi daftari la idara. Mlima ule sijawahi kuupanda kwa pikipiki, wala kwa magurudumu mawili wala kwa moja. Niliwahi kuendesha pikipiki ya shemeji, uwanja wa mpira, kutoka goli moja hadi jingine. Kabla ya goli la pili nilishuka, au tuseme tuliachana.

Imeshaandikwa. Wino wa idara haufutiki.

Alhamisi, 11 Aprili. Mvua: niliibeba mwenyewe.

Nimepanda. Kwa miguu. Sikumwambia mtu. Kwenye mkoba wa zana niliweka makopo matano matupu ya rangi ya viatu, moja kwa kila kipimamvua, maana swali la Bi Pancha lilikuwa halijaniondoka: udongo gani. Nikasema nitamletea udongo wenyewe ajibizane nao.

Nilivaa viatu vyangu vya heshima, soli ngumu niliyoitengeneza mimi, mlio wake kama wa afisa. Tope la chini lilinifika kwenye vifundo, likavuta, likadai kiatu cha kushoto, nikakirudisha kwa mazungumzo. Nikachota kopo la kwanza. Kilimani udongo ukawa changarawe inayokimbia chini ya mguu: kopo la pili. La tatu vilevile. Kisha njia ikawa ngumu, udongo ulioshindiliwa mpaka unang'aa, halafu ndipo nikalikuta Bamba.

Ni jiwe moja, pana kama uwanja wa shule, limeinama kuelekea kwenye bonde, maji membamba yakitambaa juu yake. Nikatia mguu. Soli yangu ya heshima ikaniaga. Nilikaa kwa makalio nikateremka kama gunia hatua kumi, suruali ikashika njia yote, nikasimama kwenye kichaka. Nikajaribu tena, nikakaa tena. Hapo nikavua viatu kwa hasira ili nivitupe bondeni.

Na miguu mitupu ikashika jiwe. Nilisimama wima. Nikapiga hatua, ikashika. Unyayo wangu, nyama laini ya mzee wa miaka hamsini na mbili, umelikumbatia jiwe lililoshinda soli ngumu kuliko zote mtaani.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Maana hilo mimi nalijua. Kila akija mhudumu wa hospitali, wa kutembea kwenye sakafu inayopigwa deki, namwekea soli laini. Kila akija mchezaji na njumu za meno marefu namwambia hizi ni za tope tu, usizipandie ngazi. Miaka ishirini na minane nasema hayo nikiwa nimekaa. Nilipofika kwenye tairi nikakiacha ninachokijua, nikachagua kwa nisichokijua. Mganga hajigangi.

Nikavuka Bamba peku, viatu shingoni, nikaviona vipimamvua vyake viwili vya juu. Vidogo, safi, vimezungushiwa ua wa vijiti alioufuma mwenyewe. Nikajaza makopo mawili ya mwisho: ukoga unaoota juu ya jiwe na unga wa jiwe. Nikashuka.

Dada alikuwa barazani. Akaiangalia suruali kutoka kiunoni hadi chini. Akanyoosha mkono, nikaenda kubadili, nikampa. Hakuuliza lolote, na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, sikuwa na hadithi.

Ijumaa, 12 Aprili. Mvua: asubuhi.

Makopo matano kwenye meza ya Bi Pancha, yamepangwa kwa kufuata njia. Akafuta mikono, akayafungua moja moja, akasugua kila udongo kati ya vidole, wa kwanza akaunusa. Akauliza tope ni refu kiasi gani; nikasema dakika kumi za kutembea. Na changarawe? Saa nzima. Na jiwe? Nikamwambia jiwe limenilia suruali.

Akacheka. Meno mazuri. Akasema sasa tunaongea. Tope la dakika kumi mtu atalipita polepole kwa tairi lolote. Kunakoangusha ni huko juu, basi tairi lichaguliwe kwa ajili ya huko. Akatoa lilelile nililoliita kifutio, akaliweka kando, akachukua la pembeni yake: meno ya wastani, mafupi kuliko ya mamba, yamekaribiana, mpira unaokubali ukucha lakini si kama jibini. "Lile la kwanza lingekufa kwenye changarawe," akasema. "Hili litaishi huko kote." Kisha akapunguza upepo kidogo kuliko kawaida, ili tairi likae juu ya jiwe kama unyayo. Neno unyayo ni la kwake. Sikuwa nimemwambia.

Nikataka kujua mamba atakwenda wapi. Akasema kuna mkulima wa bondeni anayependa tope kuliko ndugu zake.

Nikaona kandambili zake zimeachia kwenye kidole. Nimeondoka nazo nikazishone.

Jumamosi, 13 Aprili. Mvua: kubwa, naogopa kuipima.

Mpwa aliondoka saa mbili. Dada getini kuanzia saa saba, na mchele. Mimi kibandani nikipigilia msumari mmoja.

Saa tisa na robo tulisikia mlio. Alikuwa amekaa juu yake, amelowa chapachapa, ameng'ara. Hata kabla hajazima akaniambia, "Mjomba, Bamba nimelivuka nimesimama kwenye vikanyagio." Kisha chupa zote tano, moja baada ya nyingine, mpaka chai ikapoa. Mama yake alisikiliza akiwa mlangoni.

Nimempelekea Bi Pancha kandambili, na habari.

Jumamosi, 20 Aprili. Mvua: ya wastani.

Saa tisa. Mkulima wa bondeni amemsifia mamba sokoni. Nilijua tu lingemfaa mtu.

Alhamisi, 25 Aprili. Mvua: rasharasha.

Bi Pancha amepita na kandambili zilezile, zimeachia kidole cha pili. Uzi wangu haujawahi kuachia. Nadhani alizivuta.

Jumamosi, 4 Mei. Mvua: mchana tu.

Saa tisa kasoro. Dada hakuwa getini. Alikuwa amelala kitini sebuleni, mdomo wazi, sinia la mchele halijaguswa.

Jumatano, 15 Mei. Mvua: inaaga.

Kibanda kilijaa leo: kinyozi, muuza magazeti, yule mwashi na viatu vyake vya mazishi ambavyo havijawahi kukauka. Kinyozi akauliza ile siri ya tairi. Nikawahadithia. Yote, kama ilivyokuwa: nilivyokosea, ncha za buti, makopo matano, nilivyoteremka kwa makalio, nilivyovuka jiwe peku viatu shingoni. Sikuongeza hata samaki mmoja.

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Muuza magazeti akasema ile ya gurudumu moja ilikuwa na ukweli zaidi. Mwashi akasema, "Wewe? Mlimani? Kwa miguu? Hata dukani unaagiza." Nikaapa. Wakazidi. Nikawaonyesha makopo; kinyozi akasema makopo hata yeye anayo. Nimesema maneno mengi ya uongo kwenye kibanda hiki na wakayameza bila maji, na leo ukweli umewakwama kooni.

Dada alikuwa dirishani, kalamu nyekundu sikioni, anajaza fumbo la gazeti. Maisha yangu yote hajawahi kunitetea kwa watu, tangu nilipovunja chungu nikasema ni upepo. Hakuinua macho.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Suruali nilifua mimi."

Mwashi akaomba kuliona tena kopo la tano.

Jumamosi, 18 Mei. Mvua: milimita 2.

Kipimo cha mwisho cha msimu. Mpwa amerudi saa nane na nusu, hajaanguka tangu Machi hadi leo, hata kwenye majani. Namba hiyo hapo juu ni ya chupa ya tano, ng'ambo ya Bamba. Nilimuuliza, akaniambia, nikaiandika jinsi ilivyo.